Shafti Ikielea, Fundi Aseme Nini?

Mwaka 1842 Samuel Earnshaw, kasisi na mwanahisabati wa Uingereza, alithibitisha kwa hesabu jambo linalowakera wavumbuzi hadi leo: kani za aina ya zile za sumaku zilizotulia haziwezi kukishika kitu hewani kikakaa. Ukizipanga sumaku zikizuie kisianguke, kitaponyokea ubavuni. Ukiziba ubavuni, kitapinduka. Hakuna ujanja wa mpangilio unaotosha. Kompresa za kupozea ambazo shafti yake huzunguka bila kugusa chuma hazikuishinda hesabu hiyo, zimeikwepa tu. Sumaku zake hazitulii. Mkondo wa umeme unaozilisha hurekebishwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Shafti ikitaka kukimbilia huku inavutwa kule, na kabla haijafika inaachiwa.

Mashine hizi ziko sokoni tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Hupoza maji ya viyoyozi vya majengo makubwa: hospitali, hoteli, ofisi za ghorofa nyingi, vyumba vya kompyuta visivyolala. Kiswahili hakijaamua kizisemee vipi, na si kwa sababu maneno hayapo. Yapo mengi kupita kiasi, na hayakutoka mahali pamoja. Mengine yametoka gereji, mengine kwenye kamati za wataalamu, mengine kwenye vipeperushi vya wauzaji. Hoja yangu ni kwamba tumekuwa tukihangaikia upande usio na shida. Majina ya vipuri tunayo, tena tumeyapata kwa mafundi ambao hawakumsubiri mtu. Kinachotupiga chenga ni kusema mashine inafanya nini na imepatwa na nini, na hapo ndipo lugha yetu ina mali ambayo haijaguswa.

Tuanze na mashine yenyewe. Kompresa ya friji hunyonya gesi kutoka upande wa baridi, ikaikandamiza hadi ikawa moto, kisha ikaisukuma upande wa pili ambako gesi hutoa joto na kurudi kuwa kimiminika. Friji ya nyumbani hufanya kazi hiyo kwa pistoni au kifaa cha jamii hiyo. Kwa majengo makubwa njia nyingine ilifunguliwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1922: impela, yaani gurudumu lenye mapanga, inaichota gesi katikati na kuirusha nje kwa kasi, na kasi hiyo ikizuiwa inageuka presha. Tangu hapo chila kubwa za dunia, yaani mashine za kupoza maji ya viyoyozi, nyingi zimekuwa za impela. Lakini impela imeshikwa na shafti, shafti imeshikwa na beringi, na beringi inataka oili. Oili nayo haiji peke yake. Inakuja na pampu, na hita ya kuipasha mashine ikiwa imezimwa, na chujio, na kipozaji, na chombo cha kuitenga na gesi. Pamoja na ulinzi wote huo, sehemu yake hutoroka na gesi hadi kwenye evaporeta, yaani upande wa baridi, ikayapaka mabomba utando, na joto likaanza kupita kwa taabu. Chila ya miaka kumi inaweza kuwa nzima kila mahali na bado ikala umeme mwingi kuliko ilivyokula siku ya kwanza, kwa ajili ya utando huo.

Wazo la kuitoa beringi ya chuma lilikuwapo kabla ya chila kulihitaji. Jesse Beams, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Virginia, alizungusha rota zilizoning'inizwa kwa sumaku tangu miaka ya 1930. Ufaransa ilipata kampuni yake ya beringi za sumaku, S2M, mwaka 1976. Kwenye upozaji jina linalotajwa kwanza ni Turbocor, kampuni iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 1993 chini ya Ron Conry, ikahamia Kanada, ikaingia ubia na Danfoss ya Denmark mwaka 2004, kisha kiwanda kikapelekwa Tallahassee, Florida. Kompresa yake ya mwanzo, TT300, huzungusha shafti hadi mara 48,000 kwa dakika. Ina impela mbili kwenye shafti moja, mota ya sumaku za kudumu, na inveta iliyojengwa ndani. Kuiwasha huchukua ampea 2 hivi tu, wakati kompresa ya kawaida ya ukubwa huo huramba mamia ya ampea kwa mshtuko mmoja. Uzito wake ni kama kilo 130.

Fundi akiitazama mashine hii, majina yanamjia yenyewe: shafti, rota, stata, koili, impela, inveta, kapasita, bodi. Hakuna aliyemfundisha. Elimu ya sekondari na ya ufundi katika Afrika Mashariki imetumia Kiingereza vitabuni na Kiswahili karakanani, hivyo kila kifaa kilichopita mikononi mwa watu kilibadilishwa sauti kikabaki. Rejeta, bushi, gasketi, klachi na breki vilishakuwa Kiswahili kabla Tanzania haijaunda BAKITA mwaka 1967. Upande wa pili, wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili walifanya kazi ya aina nyingine: kamusi yao ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990 ilipanga istilahi za sayansi kwa utaratibu, na kutoka mkondo huo tunapata maneno kama sumakuumeme, kanieneo na halijoto. Sioni ugomvi kati ya makundi hayo mawili. Fundi anataja kitu anachokishika. Mwalimu wa fizikia anataja kitu asichoweza kukishika. Shida inaanza pale mashine moja inapowalazimisha wote wawili waongee kwa pamoja, na kompresa inayoelea ni mashine ya namna hiyo: ni chuma, na ni hesabu.

Chukua presha. Mtaani ni presha, hospitalini ni shinikizo, darasani ni kanieneo, yaani kani iliyotandazwa kwenye eneo. Neno la darasani ndilo lililotengenezwa vizuri kuliko yote, maana limebeba ufafanuzi wake tumboni. Hata hivyo kwenye karatasi ya kumbukumbu za chila mimi ningeandika presha. Fundi wa zamu saa nane za usiku anasoma geji, hafanyi mtihani. Lakini ukishika presha usiiache ukurasa unaofuata ukaenda kwenye shinikizo, kwa kuwa msomaji atadhani umetaja kitu kingine. Maelekezo mengi yaliyotafsiriwa yameharibiwa na kigeugeu hicho kuliko yalivyoharibiwa na uchaguzi mbaya wa neno.

Kuna mikopo ya kuikataa, nayo ni ile inayokuta nyumba ina mwenyewe. Sensa ni mfano. Kwa Mtanzania sensa ni kuhesabu watu, na baada ya kampeni za mwaka 2022 hakuna asiyejua. Kifaa kinachopima shafti iko wapi kiitwe kihisio. Digrii nayo ina kazi tatu: joto, pembe na cheti cha chuo kikuu. Wahandisi wanaposema shafti ina njia tano za kusogea (juu na chini, kushoto na kulia, katika kila ncha yake, kisha mbele na nyuma kwa urefu), vitabu vya Kiingereza huziita digrii za uhuru. Zikitafsiriwa hivyo hivyo zinasikika kama shahada ya mambo ya ukombozi. Njia tano za kusogea zinatosha.

Tani ndiyo mtego mkubwa, na haimtegi Mswahili peke yake. Tani ya upozaji haihusu uzito wa kitu chochote kilichopo mbele yako. Ni kiasi cha joto kinachoyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24, sawa na kilowati 3.517, au BTU 12,000 kwa saa, namba ambayo wauza viyoyozi wa Kariakoo wanaijua kuliko mhandisi yeyote. TT300 hufika hadi tani 90. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika bila kukosea kwamba kompresa ya tani 90 ina uzito wa kilo 130, na karani wa forodha akapatwa na kizunguzungu. Mahali ambapo uzito na uwezo vinakutana kwenye karatasi moja, kilowati iingie na tani itoke.

Beringi yenyewe je? Beringi za sumaku ni jina zuri na halina haja ya kupambwa, ila ziko za aina mbili. Kuna zinazotegemea sumaku za kudumu tu, ambazo kwa sababu ya Earnshaw lazima zipate msaada wa kitu kingine, na kuna zinazodhibitiwa kwa umeme. Kamusi ingetupa amilifu kwa hizi za pili. Sijawahi kumsikia mtu aliyeshika spana akisema amilifu. Beringi za sumaku zinazodhibitiwa ni jina refu, lakini litasemwa mara moja mwanzoni mwa waraka na baada ya hapo beringi zitatosha. Wala tusidhani kila kompresa ya jamii hii ni ya koili tupu: za Turbocor huchanganya sumaku za kudumu na koili, sumaku zikibeba sehemu ya kazi na koili zikisahihisha.

Ndani kuna beringi nyingine, za kawaida, ambazo mashine ikiwa nzima hazibebi chochote. Kazi yake ni kuidaka shafti siku sumaku zikishindwa. Kiingereza kina majina yasiyopungua manne kwa kifaa hiki: beringi za kutulia, za akiba, za kusaidia, za kudakia. Kila kiwanda kilishika lake. Kwetu za akiba ndilo linalokuja haraka, nalo ndilo baya kuliko yote. Tairi la akiba liko nyuma ya gari. Beringi ya akiba itatafutwa stoo. Fundi atakayeambiwa akague beringi za akiba atakwenda kuhesabu maboksi. Za kudakia ndilo jina linalosema kazi, na kila aliyewahi kutazama mpira anajua kudaka ni nini.

Hapo tumeshaingia kwenye vitendo, na vitendo ndiko ninakotaka kukaa.

Kuelea ni kitenzi kilichokuwa tayari. Shafti inaelea. Lakini udhibiti unapoifanya ielee, tunasemaje? Kwa kanuni ya lugha, kukifanya kitu kielee ni kukieleza, na kamusi zinalikubali hilo. Ila jaribu kuandika kwamba baada ya sekunde chache mfumo utaieleza shafti, uone msomaji atakavyosubiri maelezo. Kiswahili chetu kimeunganisha kuelea kwa chombo majini na kuelea kwa jambo akilini, na maana ya pili imeimeza ya kwanza kwenye umbo hilo. Tusilazimishe. Mfumo unaiinua shafti, shafti inaelea. Vitenzi viwili, kila kimoja na mtendaji wake, na hakuna utata.

Kushuka kuna maana zaidi, kwa sababu kuna kushuka kwa namna mbili na gharama zake hazifanani. Mashine ikizimwa kwa utaratibu, mota inapunguza kasi, shafti inasimama, kisha sumaku zinailaza polepole juu ya beringi za kudakia. Huku ni kutua. Sumaku zikikosa nguvu shafti ingali inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, inaziangukia beringi hizo kwa kishindo na kuzikwaruza hadi isimame. Huku ni kuanguka. Beringi za kudakia zimetengenezwa zistahimili maanguko yenye idadi, na mtu anayetunza kumbukumbu lazima ayahesabu. Nimesoma tafsiri zinazotumia kushuka kwa yote mawili. Mwenye jengo akisoma kwamba shafti imeshuka mara thelathini mwaka huu, hajui kama mashine imezimwa mara thelathini au imeponea chupuchupu mara thelathini. Kutua na kuanguka vikitenganishwa, kumbukumbu zinasomeka.

Ni kweli kwamba umeme ukikatika (au stima ikipotea, kama watakavyosema Nairobi) shafti haianguki papo hapo. Waundaji walilifikiria. Mota, kwa kuwa rota yake ina sumaku za kudumu, hugeuka jenereta: mzunguko uliobaki unazalisha umeme, kapasita zinaukusanya, na umeme huo unazilisha sumaku za beringi hadi shafti ipunguze kasi itue. Hapa lugha haina kazi ya kufanya, maana hakuna mtu mzima katika Afrika Mashariki asiyejua jenereta ni nini na inahitajika lini.

Kwa nini sumaku zihitaji kuchungwa namna hiyo? Springi ukiisogeza inakurudisha. Sumaku inafanya kinyume: chuma kikisogea karibu nayo inakivuta zaidi, na mwanya ukipungua kwa nusu nguvu inakuwa mara nne. Shafti ikisogea, inazidi kutaka kusogea. Wahandisi huita hali hii ukakamavu hasi, na chuoni jina hilo halina ubaya. Kwa fundi ni maneno mawili yasiyoshikika. Mwambie kwamba shafti ikisogea inazidi kusogea, ameelewa kwa nini kila ncha ina sumaku zinazoivuta pande tofauti na kwa nini kihisio hakiruhusiwi kulala. Kihisio kinapima, kompyuta inakokotoa, koili inasahihisha, kihisio kinapima tena matokeo. Watengenezaji husema duru hiyo hupita takriban mara 100,000 kwa sekunde mashine ikiwa kwenye kasi yake ya juu. Matokeo yanayorudi kupimwa ni mrejesho, neno ambalo maofisa wa miradi wamelichosha kwenye semina lakini hapa limefika mahali pake hasa. Mrejesho ukichelewa, koili inavuta wakati ilipaswa kuachia, na badala ya kuutuliza mtikisiko inauchochea.

Nimesema kuutuliza makusudi. Fizikia inahitaji neno kwa kitendo cha kuumaliza mtikisiko kidogo kidogo, na wapo wanaotumia upoozaji. Kwenye karakana ya friji hilo ni balaa. Kupoza ni kuondoa joto, kupooza ni kupungua nguvu au kulemaa, na kati yao ipo herufi moja ambayo kalamu ya haraka haiioni. Mashine ya kupoza yenye tatizo la kupooza ni kichekesho leo na ajali kesho. Kutuliza hakugombani na mtu.

Mwanya nao unadai uangalifu. Wengi huandika nafasi, neno linalobeba pia fursa, cheo na mahali, na shafti ina mahali ambapo kihisio hupima. Mwanya ni mwanya tu. Ila iko miwili. Kuna mwanya kati ya shafti na sumaku, na kuna mwanya kati ya shafti na beringi za kudakia, na huu wa pili lazima uwe mdogo kuliko ule wa kwanza, la sivyo shafti ingezipiga koili kabla ya kudakwa. Mwanya wa sumaku na mwanya wa kudakia: ukishaitaja hivyo, sababu ya kupishana kwake inaonekana bila mchoro. Tofauti hii si ya wapenda lugha. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilipoandika kiwango namba 14839 cha mashine zenye beringi hizi, sehemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, haikuhusu vipimo, ilihusu msamiati. Vipimo vya mtikisiko vilifuata mwaka 2004, uthabiti wa udhibiti mwaka 2006. Na kipimo cha mtikisiko kikawekwa kama sehemu ya mwanya ulio mdogo kuliko yote: shafti ikiyumba chini ya asilimia 30 ya mwanya huo iko kundi A, hali ya mashine mpya, ikipita asilimia 50 imeingia kundi D, kundi la kuharibika. Asiyejua mwanya upi unaozungumziwa hawezi kukitumia kiwango hicho. Wahandisi wa mataifa tajiri, wenye lugha iliyobuni mashine yenyewe, waliona lazima wakubaliane maneno kabla ya namba.

Kisha kuna tabia mbaya ya kompresa zote za impela. Mashine ikizunguka polepole huku upande wa joto, yaani kondensa, una presha kubwa, gesi inashindwa kusonga mbele, inarudi nyuma kupitia impela, inasukumwa tena, inarudi tena, kwa mvumo unaosikika hadi nje ya chumba. Shafti inapigwa huku na huku kwa urefu wake na beringi zinafanya kazi ambayo hazikuajiriwa. Mafundi waliosoma kwa Kiingereza wanasema saji. Nina pendekezo: kompresa inacheua. Kilichokwishamezwa kinarudi, si mara moja, kwa vipindi, bila hiari ya mwenyewe. Kitenzi hiki kina kila kitu kinachotakiwa, na kinanyumbulika bila taabu: imecheua, inacheuacheua, imecheushwa na kondensa chafu. Hilo la mwisho ni utambuzi wa ugonjwa ndani ya neno moja, na mkopo wa saji hauwezi kulifanya. Kuna kasoro ya upande wa pili, gesi inapokuwa nyingi hadi njia ikafika mwisho wa uwezo wake. Kiingereza huiita kukabwa, na wepesi wa mkono ungetuletea kupaliwa. Sio. Anayepaliwa ameingiliwa na kitu njia isiyo yake. Hapa gesi iko njia yake, ila njia imejaa. Kujaa kwa njia, basi.

Kucheua ndiko kunakoeleza pia kwa nini ahadi za wauzaji zisomwe kwa makini. Sifa kuu ya mashine hizi ni kwamba hupunguza kasi mzigo ukipungua, na nguvu inayoliwa hushuka kwa mchemraba wa kasi: kasi ikishuka hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi asilimia 51 hivi. Ni hesabu ya kweli, yenye sharti. Kasi haiwezi kushuka kuliko inavyohitajika kuisukuma gesi hadi presha ya upande wa joto, vinginevyo kompresa itacheua. Upande wa joto ukiwa na baridi, sharti ni jepesi. Ufanisi unaochapishwa na Wamarekani hukokotolewa kwa kuchukulia kwamba chila hufanya kazi kwa mzigo kamili asilimia 1 tu ya muda, kwa robo tatu ya mzigo asilimia 42, kwa nusu asilimia 45, na kwa robo asilimia 12, tena maji ya kupozea kondensa yakizidi kuwa baridi kadiri mzigo unavyopungua. Hiyo ni hali ya hewa ya nchi yenye majira manne. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, usiku wake unaweza kuikaribia. Mombasa na Dar es Salaam, ambako unyevu haumuachi mtu hata alfajiri, maji ya kondensa hayapoi kiasi hicho, na namba ya kwenye kipeperushi haitaonekana kwenye bili. Mashine bado ni nzuri. Namba tu ndiyo si ya kwetu.

Msamiati wa wauzaji una maneno mengine mawili ninayoyatilia shaka. Bila oili ni sahihi. Bila msuguano si sahihi. Chuma hakigusi chuma, lakini gesi inaisugua shafti kwa kasi hiyo kubwa, koili zinakula umeme, chuma kinapata moto kwa mabadiliko ya sumaku. Mota na bodi hulazimika kupozwa kwa kipozeo kile kile kinachozunguka kwenye mfumo. Bila mgusano ndilo neno la kweli, na tofauti yake na msuguano ni silabi chache tu.

La pili ni rafiki wa mazingira. Limekuwa pazia la kufichia mambo mawili ambayo sheria za kimataifa zimeyatenganisha. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulihusu gesi zinazotoboa tabaka la ozoni. R134a, gesi ambayo kompresa za kwanza za Turbocor ziliundwa kwa ajili yake, haina hatia hiyo. Lakini kilo moja yake inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka mia, na kwa kosa hilo la pili nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 zikaongeza marekebisho yanayobeba jina la mji huo. Kundi lenye nchi nyingi za Afrika lilitakiwa lisizidishe matumizi kuanzia 2024, lipunguze asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Chila hudumu miaka ishirini na zaidi, kwa hiyo inayonunuliwa sasa itazikuta tarehe hizo ikiwa kazini. Gesi isiyotoboa ozoni na gesi isiyopasha dunia ni sifa mbili, ziandikwe mbili.

Gesi mpya iliyochukua nafasi kwenye baadhi ya kompresa hizi ni R1234ze, ambayo mchango wake wa kupasha dunia ni wa tarakimu moja. Inakuja na sifa ya tatu ambayo R134a haikuwa nayo: inaweza kuwaka. Huwaka kwa shida sana na moto wake hutambaa polepole, ndiyo maana imewekwa kundi la A2L na si pamoja na gesi za kupikia. Ikipimwa kwenye nyuzi 20 hivi haishiki moto. Halijoto ikifika kama nyuzi 30 inaanza kuwa na kiwango cha kuwaka. Maabara za kaskazini zina nyuzi 20. Chumba cha mashine cha pwani, mwezi wa Februari, mlango ukiwa umefungwa na feni ya kutolea hewa imekufa, kina zaidi ya 30 saa sita mchana. Kibao cha mlangoni kikiandikwa gesi isiyowaka, kinamdanganya mtu anayekuja na mtungi wa kuchomelea mabomba. Kikiandikwa gesi inayowaka, bila zaidi, atakizoea na kukipuuza kwa kuwa anafanya kazi kwenye mitungi ya propeni kila siku. Kibao kiandikwe: gesi hii huwaka kwa shida, zaidi chumba kikiwa na joto, washa feni kwanza, pima hewa, ndipo uchomelee.